Ari ya Mama Mlowe

Siku ya nne tangu Benitho Sanga avue kipunje cha shime nyuma ya sikio lake, Mama Mlowe alikwenda kumwona nyumbani kwao.

Hakuwa mtu wa kutuma salamu. Miaka kumi na saba ya usimamizi katika kiwanda cha betri cha Makambako ilikuwa imemfundisha kwamba mfanyakazi asipoonekana siku tatu humwandikii barua, unakwenda mwenyewe. Alikwisha kuwafuata wengi namna hiyo: waliougua, waliofiwa, waliogombana na wake zao, na mmoja aliyekatwa kidole na mashine akaona haya kurudi mbele za wenzake. Huyo alikaa naye kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi jua la mchana, wakiongea habari za viazi na mvua, mpaka yule bwana akasema mwenyewe, "Kesho nakuja." Watu walisema Yusta Mlowe ana mkono wa kuinua watu. Yeye alisema hana chochote, ila anawajua kwa majina.

Mama yake Benitho alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga vitenge viwili juu ya sweta, kwa kuwa upepo wa mwezi wa saba ulikuwa ukipita hadi ndani.

"Karibu mama," alisema. "Yuko ndani. Yuko tu."

Benitho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mpana wa mabega, mmoja wa watu wepesi kuliko wote kwenye mkanda wa kuchambulia betri kuukuu. Alivaa shati jeupe na tai ya bluu. Mama Mlowe alihesabu siku kichwani akaelewa kwamba zile ni nguo za Jumapili, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Miguu nimemwosha," mama yake alisema kwa sauti ya chini. "Shati nimeshindwa. Si kwamba anakataa. Hainui mikono."

"Benitho," Mama Mlowe aliita.

Kichwa kiligeuka mara moja. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Una huzuni?"

Benitho alifikiri. Ilionekana anafikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku. "Hapana," alisema. "Huzuni ningeijua."

"Sasa kwa nini ulikivua kipunje?"

"Nilikuwa napenda kupiga kinanda kanisani. Siku hizi sipigi. Nikataka kujua kama bado nakipenda, au ni kazi tu ninayoipenda. Nikavua kipunje, nikakaa hapa nikisubiri nitake kwenda kanisani." Alitazama ukuta. "Bado nasubiri."

Mama yake alileta sahani ya ugali na maharage, akaiweka kwenye kigoda. Alisema kuwa tangu Jumapili mwanawe hajala, ila anamtia vijiko vya uji mdomoni, na yeye anameza vinavyomezeka. Alisema haya huku akiitazama sahani, si mgeni wake.

"Kula, Benitho," Mama Mlowe alisema, kama ambavyo angemwambia mgonjwa yeyote.

Benitho aliivuta sahani akaanza kula. Alimega, akachovya, akatafuna, kwa mwendo uleule mzuri wa mikono aliokuwa nao kazini. Mama yake alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge, akalia taratibu kwa furaha. Walimwangalia mpaka ugali ukaisha na maharage yakaisha. Kisha vidole vikaendelea. Vilikwenda kwenye sahani tupu, vikafanya kama vinamega, vikapanda mdomoni, vikashuka tena.

Ilipita kama dakika nzima kabla Mama Mlowe hajaelewa anachokiona.

"Basi," alisema. "Inatosha."

Mkono ulisimama hewani, katikati ya sahani na mdomo, ukabaki pale.

"Ushushe mkono, mwanangu."

Ukashuka.

Mama yake Benitho alikwenda dirishani, akarudi na kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Ndani yake kulikuwa na kidude cha rangi ya udongo, kidogo kama punje ya haragwe, chenye upande mmoja unaonata. "Mrudishie, mama," alisema. "Mimi nina miaka sabini na moja. Mrudishie aende kazini."

"Nipe siku chache. Nimwone daktari kwanza."

"Siku chache za nini?"

Mama Mlowe alikirudisha kile kifuniko dirishani. Alimwacha Benitho amelala, kwa sababu alimwambia alale.

*

Kabla ya shime, kile kiwanda kilikuwa mahali pa kupita tu. Malori yalileta betri zilizochoka za magari na pikipiki kutoka nchi nzima, watu wakazifungua, wakachambua madini, na nusu yao waliacha kazi kabla mwaka haujaisha. Walichoka, walisinzia, walikatwa. Mama Mlowe aliwashika wachache kwa nguvu zake mwenyewe. Kila asubuhi alisimama juu ya jukwaa la chuma akaongea nao dakika kumi: nani amejifungua, nani amefiwa, nani jana alifanya vizuri na alifanya nini hasa. Waliosimama mbele walikwenda mashineni wakitabasamu. Waliosimama nyuma hawakusikia vizuri, na hao ndio walioacha kazi.

Kisha kampuni ikaleta shime, yaani kola na vipunje vyake. Kola ilivaliwa na kiongozi shingoni. Ilikuwa nyembamba, baridi kidogo, na haikusikiliza maneno. Ilisoma mapigo ya moyo, pumzi, na mishipa ya koo pale mtu anaposimama mbele ya watu anaowajali. Ilichosoma ilikipeleka kwenye vipunje nyuma ya masikio ya wafanyakazi, na vipunje vikagusa ile sehemu ya ubongo ambamo mtu huanza kutaka. Kipunje kilishika kwa siku moja na nusu hivi, kisha kikapoa mpaka kiongozi awashe kola tena.

Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba haikudanganyika. Walimvalisha meneja, watu wakaumwa vichwa. Walimleta bwana mmoja kutoka mjini aliyefundisha uongozi kwa miaka mingi, mtu wa maneno matamu. Nusu ya zamu ikatapika. Walipomvalisha Mama Mlowe, watu mia mbili na kumi na wawili walinyanyua vichwa kwa pamoja, hata wale wa nyuma kabisa.

Alikubali bila shida. Aliona kwamba moyo anawapa siku zote. Hiki chombo kitaufikisha tu kwa wasiosikia. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Daktari wa kiwanda, Nasra Mbarouk, alimsikiliza habari za Benitho mpaka mwisho bila kuandika kitu. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mtu asiyezunguka akiongea.

"Mtu akifungwa plasta mguuni miezi sita," alisema, "ukiifungua unakuta mguu umekonda. Mfupa umepona, lakini nyama imekwisha, kwa sababu plasta ndiyo iliyokuwa inabeba kazi. Benitho amefungwa plasta miaka mitatu. Mahali pa kutaka hapajafanya kazi miaka mitatu."

"Mguu hurudi ukifanyishwa mazoezi."

"Mguu unaufanyisha mazoezi kwa sababu mwenyewe anataka kutembea, mama."

Mama Mlowe alivuta kiti akaketi.

"Kuna viwanda vingine vilivyotangulia," daktari aliendelea. "Nimeomba taarifa zao, nikaletewa baada ya kusumbua sana. Watu kumi na mmoja walivua. Baada ya miezi kumi na minne wawili walianza kuomba maji wenyewe. Wale tisa wanatunzwa na ndugu zao."

"Na kuwapunguzia kidogo kidogo?"

"Wamejaribu. Unafika palepale, unachelewa tu."

"Lakini Benitho hana kipunje, na nikimwambia kula, anakula. Kwa nini mimi?"

Daktari Nasra alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kinachowashwa na kipunje ni hamu tu. Hamu haina njia. Njia anaionyesha anayeongea. Miaka mitatu kila hamu waliyoipata imekuja na sauti yako. Sasa sauti yenyewe inatosha kumsogeza mtu, hata kama hamu haipo. Naomba nikuulize kitu. Jioni, mkifunga kazi, huwa unawaambia nini?"

"Nawaambia wakapumzike. Wakawaone watoto wao. Jumapili waende wanakosali. Maneno ya kawaida tu."

"Basi ndiyo maana wanakwenda," daktari alisema.

Nje honi ya zamu ililia, na kupitia dirishani Mama Mlowe aliwaona watu wake wakivuka uwanja kuelekea kwenye mabasi. Walitembea haraka, wakiongea na kucheka. Alikuwa amewaambia hivyo robo saa iliyopita: nendeni mkacheke na watu wenu. Alikuwa amelitupa neno hilo bila kufikiri, huku akitafuta funguo zake.

*

Ijumaa alipanda ofisini kwa meneja. Haule alikuwa mtu mpole, mdogo kwake kwa miaka kumi, na hakuwahi kumwita jina lingine ila mama. Alimvutia kiti mwenyewe. Mezani kwake kulikuwa na mchoro wa viwanda vipya viwili, Songea na Sumbawanga, ambavyo vitapokea sauti ya Mama Mlowe kutoka palepale Makambako. Watu elfu moja na mia tisa. Kilichobaki ni yeye kukubali, maana kola haifanyi kazi kwa mtu aliyelazimishwa.

Mama Mlowe alikataa mchoro kabla haujafunguliwa. Alimweleza habari za shati jeupe, sahani tupu, na wale watu tisa. Aliongea kwa muda mrefu na hakupunguza kitu. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi tangu alfajiri. Alijua Haule atasema kwamba mwaka wa mwisho kabla ya shime vilikatika vidole kumi na tisa na mwaka jana hakuna hata kimoja. Alijua atasema kwamba watu wamejenga, wamesomesha, na hakuna anayelalamika. Alikuwa na majibu ya yote hayo.

Haule alisikiliza huku ameegemeza shavu kiganjani. Mama Mlowe alipomaliza, Haule alisema, "Unaongea vizuri sana, mama."

"Sikuja kuongea vizuri. Nataka unijibu."

"Unataka nijibu nini?"

Kuna namna alivyoliuliza swali hilo, kwa utayari, kwa macho yaliyotulia usoni pake, iliyomfanya Mama Mlowe ainuke kwenye kiti. Alizunguka meza. Akamwinamisha kichwa kwa mkono wake kama mama anayemkagua mtoto masikio. Nyuma ya sikio la kushoto, chini ya nywele zilizoanza mvi, kulikuwa na kipunje.

"Tangu lini?"

"Tangu mke wangu alipofariki. Sikuweza kuamka, mama. Nilikuwa naiona kazi kama mlima. Siku ya tatu nikasema ngoja nijaribu, wiki moja tu." Alitabasamu. "Kumbe wenzangu walikuwa wanafaidi."

"Haule. Nikikwambia ufunge kiwanda leo?"

Hakusita. Alivuta simu ya mezani akaweka kidole kwenye kitufe. "Nianze na mabasi au na umeme?"

"Weka simu chini."

Aliweka.

Mama Mlowe alirudi kwenye kiti chake. Tangu alfajiri alikuwa amejipanga kupambana na mtu, na hakukuwa na mtu. Wenye kampuni walikuwa mbali na walimsikiliza Haule. Haule alimsikiliza yeye. Angeweza kukizima kiwanda kwa sentensi moja, na jioni yake watu mia mbili na kumi na mmoja wangekaa kwenye kingo za vitanda vyao, na ndugu zao wangewaosha miguu. Angeweza kuendelea, na ingekuwa hivihivi mwaka ujao na mwaka wa kumi, mpaka siku koo lake litakapokauka. Yeye alikuwa na miaka hamsini na minne na shinikizo la damu.

"Wewe unaonaje?" alimuuliza Haule, na alijisikia akiomba. "Wewe mwenyewe. Kama rafiki."

Haule alikunja uso kwa bidii. Jasho jepesi lilimtoka juu ya mdomo. "Mimi naona," alisema, kisha akakwama, kama mtu aliyefika ukingoni mwa maji. "Unavyoona wewe, mama, ndivyo naona na mimi."

*

Jumatatu ndiyo siku vipunje vilipokuwa baridi. Mama Mlowe alikuwa hajasema nao tangu Jumamosi jioni, na kila wiki walishuka kwenye mabasi kama watu wanaotoka msibani, taratibu, wakishikana mabega, mpaka atakapopanda jukwaani na kuwasha kola. Miaka yote alidhani ni uchovu wa Jumapili.

Jumatatu hiyo alipanda bila kuwasha. Kola ilikuwa shingoni, imezimwa. Alikuwa amelifikiria jambo hili siku mbili na hakuona njia nyingine ya haki. Kama wataendelea au wataacha, waamue wao. Na kama hawawezi wote, basi mmoja tu. Aliomba apatikane hata mmoja atakayesema hapana, hata kwa matusi. Mtu mmoja wa kumkatalia, halafu wangekuwa wawili, wangejua pa kuanzia.

Watu walisimama ukumbini mbele yake katika ovaroli za kijani. Tumpale wa meza ya tatu alikuwa safu ya mbele. Alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi mwezi uliopita, na mtoto wake alikuwa kwenye chumba cha watoto, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Pembeni yake alisimama Ambakisye, mzee aliyeendesha forklifti ya kuinulia mizigo, mtu ambaye zamani alikuwa mbishi kuliko wote pale kiwandani. Huyo aliwahi kumwambia Mama Mlowe mbele ya watu kwamba hajui kitu kuhusu mashine, na alikuwa sahihi. Mama Mlowe alimtegemea yeye.

"Sijawasha kola," alianza. "Haya ni maneno matupu ya mdomo wangu, kama zamani. Nataka mnisikilize, halafu mseme ninyi."

Aliwaambia yote. Aliwaambia kuhusu Benitho na kinanda, kuhusu plasta na mguu uliokonda, kuhusu wale kumi na mmoja. Aliwaambia kuwa yeye ndiye aliyewafanyia, kwa nia njema, na kwamba nia njema haikuwasaidia kitu. Alisema kwamba kuna njia mbili, zote mbaya, na kwamba hana haki ya kuwachagulia.

"Ambakisye," aliita. "Wewe hukuwahi kunyamaza kwa ajili yangu. Unasemaje?"

Yule mzee alimtazama. Midomo ilisogea kidogo, kisha ikatulia. "Tufanye nini, mama?" aliuliza.

"Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nani mwingine? Mtu yeyote. Hata kama ni kunilaumu."

Hakuna aliyejibu. Hawakukataa kujibu, walisimama wakisubiri, kama watu waliokaa kwenye kituo cha basi ambao hawana sababu ya kuangalia saa. Dakika tano zilipita. Bati la paa lililia kwa upepo. Mtu mmoja katikati alikaa sakafuni, na wawili waliokuwa karibu naye wakakaa pia. Mama Mlowe alijizuia kusema simameni. Alijizuia kusema chochote. Aliamini kwamba kama atanyamaza vya kutosha, kitu kidogo kitaanza kujisogeza chenyewe ndani ya mtu mmoja, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi.

Ndipo mtoto akaanza kulia upande wa pili wa ukuta.

Kilikuwa kilio cha njaa, kifupi mwanzoni, kisha kikarefuka. Kila mtu alikisikia. Mama Mlowe aliona maziwa yakipenya kwenye ovaroli ya Tumpale, doa moja la mviringo, kisha la pili. Mwili wake ulikuwa umemsikia mtoto. Tumpale mwenyewe alitazama mbele.

Dakika kumi. Mlezi wa watoto, ambaye naye alikuwa na kipunje baridi nyuma ya sikio, hakusikika kusogea. Kilio kilipanda, kikapasuka, kikaanza kukauka. Mama Mlowe alimkazia macho Tumpale. Nenda, alisema moyoni. Nenda bila mimi. Ukienda bila mimi nitazima hiki kitu leo, nitakaa na kila mmoja wenu kwenye ukingo wa kitanda chake mpaka nife. Hatua moja tu.

Dakika kumi na tano. Madoa yalikuwa yamefika kiunoni. Mtoto alinyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Kisha akaanza upya kwa sauti nyembamba.

Mama Mlowe alipeleka mkono shingoni akaiwasha kola.

Hakusema neno. Hakuwa na matumaini ya kuwapa; alikuwa na huruma tu, na aibu, na mapenzi ya miaka kumi na saba yasiyokuwa na mahali pa kwenda. Kola ilisoma ilichokikuta. Haikuuliza mapenzi hayo yamechanganyika na nini. Alisikia ubaridi wake ukipotea juu ya ngozi, na mbele yake migongo ikanyooka, safu baada ya safu, mpaka nyuma kabisa. Waliokaa wakasimama. Nyuso zikapata rangi. Mtu akacheka kwa sababu tu amejisikia vizuri. Ambakisye alipiga makofi, na wengine wakamfuata, na ukumbi wote ukajaa makofi ya watu waliotazama juu kwake kwa shukrani ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi hii.

Haule alikuwa mlangoni, naye akipiga makofi. Siku ile kiwanda kilichambua betri nyingi kuliko siku yoyote iliyoandikwa kwenye vitabu vyake.

Tumpale alisogea hadi chini ya jukwaa. Macho yalimng'aa. "Leo umeongea vizuri kuliko siku zote, mama," alisema. "Nimesikia moyo umejaa. Nianze na meza ipi?"

"Tumpale, mtoto wako analia."

"Ndiyo mama, namsikia."

"Kamnyonyeshe."

Uso wa Tumpale ulifunguka kwa furaha, kama mtu aliyeletewa zawadi. Aligeuka akakimbia, akawapenya wenzake, akafungua mlango wa mbao, na baada ya muda mfupi kilio kikakoma.

Wengine walibaki wamesimama, wakimtazama, tayari kwa lolote. Mama Mlowe alishuka ngazi za jukwaa polepole akiwa ameshikilia chuma. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni mambo gani mtu huyafanya kutwa bila kuambiwa, na orodha haikuwa na mwisho. Alisimama mbele ya mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye.

"Ambakisye," alisema, "leo umekunywa chai?"